Albamu ya Studio Iliyorekodiwa Chumbani: Kuielewa "Nebraska" ya Bruce Springsteen

Filamu ya "Springsteen: Deliver Me from Nowhere", inayosimulia jinsi Bruce Springsteen alivyoitengeneza albamu ya "Nebraska", ilipoingia kwenye majumba ya sinema Oktoba 2025, na mwezi huo huo likatoka boksi la "Nebraska '82: Expanded Edition", yalifufuka maswali ambayo wapenzi wa roki wamekuwa wakibishania tangu 1982. Inakuwaje albamu iliyorekodiwa kwenye chumba cha kulala iitwe albamu ya studio? Kama zile zilikuwa demo, nani aliamua kuuza demo? Hiyo "Electric Nebraska" inayotajwa kila mahali, yaani nyimbo hizo zikipigwa na bendi, ndiyo albamu halisi iliyofichwa miaka yote, au ni kitu kingine? Na je, albamu yenyewe ilibuma au haikubuma?

Mkanganyiko mwingi unatokana na hadithi tamu inayosimuliwa haraka haraka: mwanamuziki tajiri alijifungia peke yake, akaimba mbele ya kimashine kidogo, kaseti ikatoka, ikawa albamu. Nusu ya hadithi hiyo ni kweli. Nusu inayoachwa ndiyo yenye uzito, maana kuirekodi kaseti hiyo kulichukua muda mfupi, ilhali kuiacha ibaki kama ilivyo kulichukua miezi na kuwatoa jasho mafundi wazoefu.

Kwanza maneno yenyewe

Bruce Springsteen ni mwimbaji na mtunzi wa roki aliyezaliwa mwaka 1949 katika jimbo la New Jersey, pwani ya mashariki ya Marekani. Hadi 1981 alikuwa akijulikana zaidi kwa maonyesho marefu na bendi yake, E Street Band, yenye ngoma, besi, piano, kinanda, magitaa na saksofoni. Albamu yake ya 1980, "The River", ilikuwa ya kwanza kwake kushika namba 1 kwenye chati ya Marekani. Ziara ya albamu hiyo ilikwisha Septemba 1981, naye akarudi New Jersey kwenye nyumba ya kupanga eneo la Colts Neck. "Nebraska" ilirekodiwa humo. Jimbo la Nebraska liko mbali, katikati ya nchi, na jina la albamu linatokana na wimbo wa kwanza tu.

Albamu ya studio ni aina ya albamu. Kwenye muziki, albamu hugawanywa kwa makundi: kuna ya jukwaani, iliyonaswa mbele ya watazamaji, kuna ya mkusanyiko, ambayo nyimbo zake zilishatoka kabla, na kuna ya studio, yaani nyimbo mpya zilizorekodiwa makusudi bila watazamaji ili zisikilizwe kama kazi moja. Kwa hiyo neno "studio" hapo halisemi lolote kuhusu jengo. Ni kama neno "hoteli" mitaani kwetu: mtu anakunywa chai na chapati hotelini, na mle ndani hakuna kitanda hata kimoja. "Nebraska" ni albamu ya sita ya studio ya Springsteen, na kuiita hivyo si kosa.

Demo nayo ni rekodi ya kuonyeshea. Mtunzi anaimba wimbo kwa gitaa moja ili wenzake wausikie, wajue mwendo wake na mahali pa kuingia. Fundi cherehani hukata karatasi kabla hajagusa kitambaa cha mteja. Karatasi ile ina vipimo vyote vya nguo, lakini hakuna anayetegemea kuivaa. Springsteen alirekodi kaseti yake kwa lengo hilo hilo. Kwenye albamu zilizotangulia alizoea kuandikia nyimbo studio huku saa zikilipiwa, na gharama zilikuwa kubwa. Safari hii alitaka kuzipima nyumbani kwanza, ajue zipi zinasimama, ndipo aite bendi.

Neno la mwisho ni masta. Baada ya kurekodi huja miksi, yaani kupanga kila sauti iwe kubwa au ndogo kiasi gani, kushoto, kulia au katikati. Baada ya miksi huja masta, hatua ya kuandaa rekodi iliyokwisha ili iweze kuchapwa kwenye santuri au kaseti za dukani bila kukwaruza wala kuruka. Wasikilizaji wengi hawaijui hatua hii, na ndiyo iliyokaribia kuiua "Nebraska".

Mashine ya chumbani

Springsteen alimtuma fundi wake wa magitaa, Mike Batlan, atafute mashine ya kurekodia iliyo rahisi kutumia. Batlan akaja na TEAC 144, iliyojulikana kama Portastudio. Ilikuwa imeingia sokoni 1979, na bei yake ilikuwa dola elfu moja hivi. Ikaongezwa maiki mbili aina ya Shure SM57, maiki za kawaida kabisa ambazo hata leo hukosi kuziona kwenye kumbi za harusi na makanisani, na vyuma vya kuzishikia.

Ili kuelewa kwa nini mashine hii ilikuwa jambo kubwa, fikiria utepe wa kaseti kama barabara. Upana wake ni milimita 3.81. Kwenye kaseti ya kawaida barabara hiyo ina njia nne: mbili za upande A, kushoto na kulia, na mbili za upande B. Ndiyo maana kaseti ikifika mwisho tulikuwa tunaigeuza. Utepe ni ule ule, ila sasa unasomwa kwenye njia mbili za upande mwingine. Portastudio ilizitumia njia zote nne kwa mwelekeo mmoja, na ikauendesha utepe kwa kasi mara mbili ya kawaida, sentimita 9.5 kwa sekunde badala ya 4.76, ili sauti iwe safi zaidi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Ukiiendesha kwa kasi maradufu unabaki na dakika 15, na upande wa pili haupo tena kwa sababu njia zake umeshazitumia. Ukiichomoa kaseti hiyo na kuitia kwenye redio kaseti ya nyumbani, utasikia njia mbili tu kati ya nne, tena zikijikokota kwa nusu ya mwendo, na mwimbaji ana sauti ya jitu. Kwa hiyo lazima ufanye miksi: upige njia nne kutoka Portastudio, uzinase upya kwenye mashine nyingine kama njia mbili za kawaida.

Studio kubwa za wakati ule zilitumia utepe wenye upana wa sentimita 5, njia 24, ukikimbia sentimita 38 au 76 kwa sekunde. Kadiri utepe ulivyo mpana na unavyokimbia, ndivyo mvumo wa utepe wenyewe, ile "shhh" ya nyuma, unavyopungua. Kaseti ilikuwa nyembamba na ya polepole. Mvumo ulikuwamo tangu mwanzo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Springsteen alikaa na gitaa, maiki moja mdomoni na nyingine kwenye gitaa, akaimba na kupiga kwa pamoja. Hizo ni njia mbili zimekwisha. Kufanya hivyo kuna gharama yake: maiki ya gitaa inanasa pia sauti ya kuimba, na ya mdomoni inanasa gitaa. Huwezi kurudia mstari mmoja uliokosea, kwa sababu ukifuta sauti kwenye njia moja mzimu wake unabaki kwenye nyingine. Ukikosea, unaanza upya au unakubali. Wimbo wowote uliobaki kwenye albamu ni pumzi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Njia mbili zilizosalia zilipokea nyongeza: harmonika, tari, mandolini, sauti ya pili, gitaa lingine. Wanaosema albamu nzima ni ya gitaa kavu hawajaisikiliza "Open All Night", ambayo ina gitaa la umeme.

Kisha ikaja miksi. Sauti zilipitishwa kwenye Echoplex, kifaa cha mwangwi chenye utepe wake mfupi unaozunguka: kinanasa sauti na kuirudisha sehemu ndogo tu ya sekunde baadaye, nayo ikisikika kama imetoka ukumbini au bondeni. Mwangwi ule mrefu kwenye "State Trooper" unatoka humo. Mwisho wa waya kulikuwa na redio kaseti ya Panasonic iliyowahi kulowa maji na kufa, kisha siku moja ikafufuka yenyewe. Ndiyo iliyonasa nakala ya mwisho.

Kila hatua hapo ina mtego wake. Kunakili kaseti kwenda kaseti ni kama kupiga fotokopi ya fotokopi. Mvumo wa kwanza unajumlishwa na wa pili. Kisha kuna mwendo. Aliyewahi kusikiliza redio kaseti yenye betri zinazokaribia kwisha anajua mwimbaji anavyoanza kuvuta maneno. Portastudio ina kitufe cha kuongeza au kupunguza kasi, na kikisogea kidogo bila wewe kujua, wimbo mzima unapanda au kushuka sauti, na mtu akitaka baadaye kupiga ala nyingine juu yake anakuta hakuna noti inayolingana.

Inasemwa mara nyingi kwamba yote yalifanyika usiku mmoja. Sehemu kubwa ilinaswa kwa muda mfupi kweli, kufikia Januari 3, 1982, lakini nyimbo zilikuwa zimeandikwa na kupangwa wiki kadhaa kabla. "My Father's House" haikuwamo kabisa kwenye kaseti ya kwanza. Iliongezwa baadaye mwaka huo.

Nyimbo 15 na jaribio la bendi

Springsteen alimpelekea meneja na mtayarishaji wake, Jon Landau, kaseti yenye nyimbo 15 pamoja na maelezo ya mkono kuhusu kila wimbo. Nakala yake yeye mwenyewe alitembea nayo mfukoni wiki kadhaa, bila hata kasha.

Tazama kilichokuwamo. Wimbo wa "Nebraska" wakati huo uliitwa "Starkweather", jina la kijana Charles Starkweather aliyeua watu kumi Januari 1958, wengi wao katika mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska, na vitongoji vyake, akiwa na msichana wa miaka 14, Caril Ann Fugate. Kulikuwa na "Atlantic City", unaoanza na mlipuko uliomuua bosi wa genge la Philadelphia, Philip Testa, Machi 1981. Kulikuwa na "Johnny 99", wa mtu aliyepoteza kazi kiwanda cha magari cha Mahwah kilipofungwa. Kiwanda hicho cha Ford kilifungwa kweli mwaka 1980. Na kwenye kaseti hiyo hiyo kulikuwa na "Born in the U.S.A.", "Downbound Train", "Pink Cadillac", na "Child Bride", uliokuja kugeuka kuwa "Working on the Highway".

Yaani mbegu za albamu mbili zinazoonekana kama mbingu na ardhi zilikuwa kwenye kaseti moja. Mtu anayedhani "Nebraska" ya 1982 na "Born in the U.S.A." ya 1984 zimetoka kwa watu wawili tofauti aanzie hapo.

Aprili 1982 bendi iliingia studio ya Power Station, New York, kuzigeuza demo kuwa nyimbo kamili. Wapo wanaodhani bendi ilishindwa kazi. Haikushindwa: "Born in the U.S.A." ile inayojulikana dunia nzima, yenye ngoma za Max Weinberg zinazopasua kuta, ilipatikana kwenye vikao hivyo hivyo. Wimbo ule ulihitaji ukubwa. Nyimbo za kundi la "Nebraska", kila zilipovishwa bendi, zilipoteza mtu aliyekuwa ndani yake.

Sababu yake inasikika ukisogea karibu. Wasimulizi wa nyimbo hizi karibu wote wanamwambia mtu "bwana" au "mheshimiwa". Muuaji wa "Nebraska", polisi Joe Roberts wa "Highway Patrolman" anayemwacha mdogo wake mhalifu atokomee kuelekea mpaka wa Canada, mtoto wa "Used Cars" anayemwona baba yake akinunua gari kuukuu. Wote wanazungumza kama mtu aliyesimamishwa mbele ya dawati la polisi, anaeleza taratibu, ananyamaza, anaendelea. Mtu wa namna hiyo hupumzika anapotaka yeye. Ngoma zikiingia, mapumziko yanapangwa na mpiga ngoma. Mwimbaji anaanza kupaza sauti ili asimezwe, na mtu anayepaza sauti haungami tena; anahutubia.

"State Trooper" ni mfano ulio wazi zaidi. Gitaa linadunda noti zile zile chache, bila kubadilika, kama taa za barabarani zinavyopita kiooni usiku. Dereva hana leseni wala kadi ya gari, na anachoomba ni kimoja: polisi asimsimamishe. Hakuna kiitikio cha kumfariji msikilizaji. Karibu na mwisho inatoka kelele moja, kisha nyingine, ghafla, na kwa kuwa wimbo mzima umekuwa mnong'ono, kelele hizo zinashtua hata ukizitegemea. Weka bendi ya watu saba nyuma yake na kelele ile inakuwa mbwembwe za jukwaani.

Springsteen alijaribu pia njia ya tatu: kuimba mwenyewe tena, peke yake, kwenye studio nzuri. Sauti ilikuwa safi, lakini hali ya chumba cha Colts Neck haikurudi. Ndipo akaitoa kaseti mfukoni na kumuuliza fundi sauti Toby Scott kama wanaweza kutengeneza masta kutoka humo.

Sindano iliyokataa kufuata mfereji

Hapa ndipo wanaosema "alitoa demo tu" wanapokosea zaidi. Mwaka 1982 albamu ilikuwa kwanza santuri. Fundi wa masta huchonga mfereji mwembamba kwenye sahani laini; mawimbi ya sauti yanakuwa mikunjo ya mfereji, na sindano ya mashine ya kuchezea santuri inaifuata mikunjo hiyo. Sauti kali kama za "s" na "sh" zinatoa mikunjo midogo ya ghafla ambayo sindano inashindwa kuigeuka, nawe unasikia mkwaruzo. Sauti nzito zikitofautiana kati ya kushoto na kulia zinaifanya sindano ipande na kushuka badala ya kwenda pembeni; mfereji unakuwa wa kina kifupi na sindano inaruka. Studio ya kisasa inazuia matatizo haya tangu maiki inapowekwa. Kaseti ya Colts Neck ilikuwa nayo yote, na haikuwezekana kurudi nyuma kurekebisha chanzo.

Walijaribu kwa mafundi na mitambo tofauti, na kila mara sahani ilitoka na matatizo. Springsteen mwenyewe alieleza baadaye kwamba ilifika mahali wakafikiria kuitoa kwa kaseti peke yake. Mtayarishaji Chuck Plotkin alihangaika nayo kwa muda mrefu, hadi Dennis King wa Atlantic Studios, New York, alipofanikiwa kuichonga kwa kiwango cha chini cha sauti. Ukipunguza kiwango, mikunjo inakuwa midogo na sindano inaimudu. Bei yake ni kwamba santuri inasikika kwa chini. Msikilizaji lazima aongeze sauti mwenyewe, na mvumo unapanda pamoja nayo. Walikubali.

Vijana wanaonunua Portastudio za mitumba kwa bei kubwa wakidhani mashine ndiyo yenye uchawi wangeupata ukweli hapo. Mashine ile iliuzwa kwa maelfu. Kilichokuwa adimu ni nyimbo zilizoandikwa zikakamilika kabla ya kubonyeza kitufe, na mafundi wa kiwango cha juu waliokubali kufanya kazi ngumu ili ubaya wa kaseti usikike vizuri.

Ilipokelewaje?

"Nebraska" ilitoka mwishoni mwa Septemba 1982, nyimbo kumi, dakika 41 hivi. Hakukuwa na ziara. Marekani haikutolewa singo hata moja. "Atlantic City" ilipata video ya nyeupe na nyeusi ambayo Springsteen hatokei hata mara moja. Jaladani kuna picha ya barabara iliyonyooka hadi upeo wa macho, imepigwa kupitia kioo cha mbele cha gari.

Pamoja na hayo yote, ilifika namba 3 kwenye chati ya Marekani na namba 3 Uingereza. Kwa hiyo dai kwamba ilibuma halina mguu wa kusimamia. Linatokana na kuilinganisha na jirani zake: iliyotangulia ilishika namba 1, na iliyofuata, "Born in the U.S.A.", ilitoa singo saba zilizoingia kumi bora na kuuza zaidi ya nakala milioni 15 Marekani peke yake. Ukisimama kati ya minazi miwili mirefu, hata mchungwa mzuri unaonekana kichaka.

Vyeti vya mauzo navyo huchanganya watu. Marekani, albamu hupewa dhahabu kwa nakala 500,000 na platinamu kwa 1,000,000. Hesabu za zama hizo zilitegemea nakala zilizosafirishwa kwenda madukani, ndiyo maana cheti na chati havisemi jambo moja: chati hupima wiki hii imekwendaje ukilinganisha na wengine, cheti hupima jumla ya miaka. "Nebraska" ilipata platinamu, lakini polepole, kwa watu kuambiana.

Wahakiki waliipokea vizuri sana. Jarida la Rolling Stone liliipa nyota nne na nusu kati ya tano. Kwenye kura ya wahakiki ya gazeti la Village Voice mwaka huo ilishika nafasi ya tatu. Malalamiko yalikuwepo: kwamba ni giza tupu, kwamba nyimbo zinafanana, kwamba aliyelipia tiketi kuona bendi ikilipuka ameletewa mtu mmoja ananung'unika. Lalamiko la kufanana lina ukweli kidogo, kwani sentensi kadhaa zinahama kutoka wimbo mmoja hadi mwingine bila kubadilishwa. Naona hilo liliisaidia albamu. Dereva wa "State Trooper" na wa "Open All Night" wanaomba karibu kwa maneno yale yale, mmoja kwa hofu na mwingine kwa hamu ya kumwona mpenzi wake, na unaanza kuhisi kwamba hawa ni watu wa barabara moja usiku mmoja.

Wakati nao uliichangia. Msimu ule ukosefu wa ajira Marekani ulivuka asilimia 10. Msikilizaji wa 1982 hakuhitaji kuelezwa Mahwah ni nini. Lakini kuiita albamu ya kisiasa moja kwa moja ni kuibana. Nusu ya nyimbo zake zinahusu baba, ndugu na nyumba za utotoni, na Springsteen ameeleza waziwazi miaka ya baadaye kwamba kipindi kile alikuwa anaelekea kwenye msongo mkubwa wa mawazo uliomfanya atafute tiba.

Siasa zilimfuata zenyewe. Septemba 19, 1984, Rais Ronald Reagan, akiwa kwenye kampeni Hammonton, New Jersey, alimsifu Springsteen kama sauti ya matumaini kwa vijana. Siku mbili baadaye, jukwaani Pittsburgh, Springsteen alijiuliza mbele ya watu ni albamu gani rais huwa anaisikiliza, akasema hadhani ni "Nebraska". Kisha akapiga "Johnny 99".

Wanamuziki wenzake waliielewa mapema. Mwaka 1983 tu Johnny Cash alirekodi nyimbo mbili zake, "Johnny 99" na "Highway Patrolman". Mwaka 1991 Sean Penn aliongoza filamu, "The Indian Runner", iliyojengwa juu ya kisa cha polisi na mdogo wake.

Na hiyo "Electric Nebraska"?

Kwa miaka mingi jina hili lilikuwa uvumi: kwamba kuna albamu nzima ya bendi imefungiwa kabatini. Ukweli ni mdogo na mzuri zaidi. Vikao vya Power Station vya 1982 vilinaswa, na boksi la 2025 limetoa baadhi yake. Zimo nyimbo kadhaa za "Nebraska" zikiwa na bendi, lakini pamoja nazo zimo "Born in the U.S.A." na "Downbound Train", ambazo hazikuingia "Nebraska" ya dukani. Hapakuwa na albamu iliyokamilika ikafichwa. Kulikuwa na jaribio lililoachwa njiani. Boksi hilo lina pia nyimbo za peke yake ambazo hazikutumika, na onyesho jipya la albamu nzima lililorekodiwa ukumbini Red Bank, New Jersey, viti vikiwa vitupu.

Anayetaka kujihakikishia mwenyewe asianze na filamu wala na boksi. Atafute "Born in the U.S.A." ya gitaa moja kutoka kaseti ya Colts Neck, iliyotolewa 1998 kwenye mkusanyiko wa "Tracks", aisikilize kwa spika za masikioni. Kisha aweke ile ya bendi ya 1984. Kisha afanye kinyume na "Johnny 99": ya bendi kwanza, halafu ya kaseti, akiwa ameongeza sauti hadi "shhh" ya utepe isikike kabla ya harmonika kuingia.